Tarehe ya Tino Ruiloba

Mpaka anatimiza miaka ishirini na tisa, Emmett Ruiloba aliamini kwamba kila mtu huona taa tano mahali penye taa moja. Hakuna aliyewahi kumwambia vingine, naye hakuuliza, maana ni nani anayegonga mlango wa jirani kumuuliza anaona taa ngapi? Jioni za kipupwe, akitoka kazini kwa miguu, taa za mji wa Barre zilimjia zikiwa na mikia, kila moja imebeba wadogo zake mgongoni. Mwezi ukichomoza juu ya kilima cha machimbo ulikuwa kama sahani zilizopangwa ovyo kabatini, moja ikichungulia nyuma ya nyingine. Alisimama akiutazama hadi vidole vya miguu vikafa ganzi. Niseme ukweli, alikuwa na mwezi mzuri kuliko wetu.

Kazi yake ilikuwa kuchonga herufi kwenye mawe ya makaburi. Banda alilofanyia kazi lilikuwa na watu kumi na mmoja na misumeno mikubwa ya kukatia itale, lile jiwe gumu la kijivu ambalo nusu ya mji inapata riziki kwalo na nusu nyingine imelala chini yake. Baba yake, Celestino, ambaye watu walimwita Tino, alichonga katika banda hilo miaka arobaini na minne. Babu yake Tino aliletwa na meli kutoka milima ya kaskazini ya Uhispania akiwa na tindo saba ndani ya soksi, na tatu kati ya hizo zilikuwa bado kwenye sanduku la Emmett.

Tino alikuwa na tabia moja ambayo banda zima liliiga. Akimaliza mstari wa herufi alirudi nyuma hatua tatu, akakunja ngumi mbele ya jicho, akaacha tundu dogo katikati, akachungulia. Hata gazeti alilisoma hivyo. Vijana walipomuuliza, alisema, "Jicho ukilipa nafasi kubwa linazurura. Lifungie." Basi wakaamini ni siri ya mafundi wa kale, na hadi leo ukiingia bandani utakuta wanaume wazima wamejiziba macho kwa ngumi, wanatikisa vichwa kwa hekima, na hawajui wanatafuta nini. Emmett aliianza akiwa na miaka kumi na minne, na ilimfaa kuliko wote. Akichungulia tunduni, herufi tano zilirudi kuwa moja. Alimshukuru baba yake kimoyomoyo kwa kumrithisha ufundi mapema. Jambo jingine walilofanana ni kujifikicha macho kwa vifundo vya vidole, asubuhi na jioni, mpaka yakawa mekundu. Kwa hilo kila mtu alililaumu vumbi.

Mchongaji wa Barre hangoji afe ndipo awe na jiwe. Tino alijichongea lake miaka kumi na miwili kabla ya kifo chake, peke yake, siku za Jumapili banda likiwa tupu: jina lake, mwaka 1952, kistari, na baada ya kistari jiwe laini lisilo na kitu, upana wa kiganja. Likasimamishwa makaburini likimngoja. Nafasi ile tupu ni ya mtoto kuijaza. Tino aliijaza ya baba yake, na baba yake aliijaza ya babu. Sharti ni moja tu, kwamba tarehe ifanane na jina kana kwamba mkono ni mmoja. Mgeni akipita asijue kuwa mtu mmoja alianza na mwingine akamaliza. Na upo mwiko, kwamba jiwe la mtu aliye hai haliguswi na mwingine, si kwa kidole wala kwa kitambaa. Emmett hakuwahi kuligusa. Alilitazama tu, akaona jina la baba yake na kivuli chake pembeni, kama alivyoona kila kitu duniani.

Tino aliondoka Januari ya mwaka 2024, kwa maradhi ya kifua, siku ambayo theluji ilianguka kimya tangu alfajiri. Siku mbili kabla ya hapo alimshika Emmett mkono akamwambia kwa sauti aliyobaki nayo, "Tarehe uichonge wewe."

"Sawa, baba."

"Kwa mkono. Floyd asiguse. Na ile mashine yao isinisogelee."

Mashine ilikuwa leza ya bandani. Ilichora nyuso za marehemu kwenye mawe meusi, na kulungu wao, na malori yao, na mbwa wao, kwa kuunguza ngozi ya jiwe nukta kwa nukta. Tino aliichukia kama mtu anavyomchukia mkwe mwenye maneno matamu. Alisema leza haijui kuongeza kitu, inajua kuondoa tu.

Ardhi ya Vermont wakati huo haichimbiki. Wafu wa kipupwe hulala katika chumba cha mawe mlangoni mwa makaburi hadi barafu iyeyuke, na familia huzika majira yakigeuka. Tino alipangiwa Jumamosi ya pili ya Mei. Mkewe, Lorraine, aliizungushia siku hiyo duara kwenye kalenda ya jikoni.

"Tarehe iwepo siku hiyo," alimwambia mwanawe. "Jiwe likikaa bila tarehe, watu watasema bado tunamngoja arudi."

Emmett alikuwa na miezi minne ya kujiandaa.

Februari alianza kujifua kwenye mabaki ya mawe. Sifuri zilimtoka na masikio. Mguu wa ile nne ya mwisho ulikwenda upande, kwa sababu aliona miguu mitatu akaufuata usiokuwepo. Hata ngumi haikumsaidia tena. Alilifinya tundu hadi likawa dogo kama punje ya mtama, na bado kivuli kikapenya. Floyd Pelkey, fundi wa miaka sitini na mdomo usiolala, alisimama nyuma yake na kikombe cha kahawa.

"Hiyo nne imelewa," Floyd akasema.

"Niache, mzee."

"Mimi nakuacha. Ila hiyo nne mtu aishike mkono aipeleke nyumbani." Akanywa kahawa, akainama kutazama vizuri, akaacha mzaha. "Ni macho?"

Emmett alijifikicha.

"Mpwa wangu alikuwa haoni kama fuko. Akaenda pale karibu na maduka makubwa, wakampiga leza dakika kumi, kesho yake akatupa miwani. Siku hizi anaona hadi madoa ya mchuzi kwenye tai yangu. Tabu tupu."

"Leza."

"Leza. Baba yako angekaa kitako huko aliko. Lakini we unataka Mei au hutaki?"

Alitaka Mei. Wiki ile yote, maji ya msumeno yakimiminika, alielea katika ndoto moja ya mchana: taa nyekundu inashuka, inampangusa macho kama mama anavyompangusa mtoto mdomo, na anapoinuka dunia imejikusanya. Lorraine akampeleka kwa gari, akiendesha polepole kama kawaida yake, huku akiwasimulia madereva wa nyuma tabia zao. Msichana wa kliniki alimweka Emmett kidevu kwenye mashine, na kwenye kioo ikatokea ramani ya rangi. Tabasamu likamwisha. Alimwita daktari, naye akaitazama ramani ile kwa muda mrefu, kisha akasema kwa upole kwamba yeye hatamgusa, na leza hii ingemharibu. Akamwandikia jina la daktari wa konea huko Burlington, ng'ambo ya vilima, kando ya ziwa.

Daktari Sunita Hegde alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya taratibu na viatu vinavyolia. Alimpima, akamkataza kabisa kujifikicha, akamwambia arudi baada ya wiki tano, apimwe tena. Siku ya kurudi aliziweka ramani mbili kando kando.

"Konea ni kile kioo cha mbele cha jicho," alisema. "Chako kimekonda na kimetokeza mbele, kama ncha ya yai. Ugonjwa unaitwa keratokonasi. Mwanga ukiingia unapindishwa njia nyingi, ndiyo maana unaona taa tano."

"Kwani watu wengine wanaona ngapi?"

Daktari aliinua kichwa. "Moja."

Emmett alijisikia mpweke ghafla, kama mtu anayeambiwa ukubwani kwamba nyumba aliyokulia haikuwa yao.

"Kwenu nani mwingine anajifikicha macho?" daktari aliuliza.

"Baba alikuwa akijifikicha. Lakini lile lilikuwa vumbi."

Daktari akaandika kitu.

"Basi nipige leza inayonifaa," Emmett akasema. "Itakuwepo moja."

"Zipo. Tuzitazame. Ile uliyoiendea kwanza inafungua kifuniko juu ya konea, halafu inakata chini yake. Kwa jicho zima ni sawa. Kwa lako, ni kukata nguzo ya nyumba ambayo imeshainama. Hiyo tuisahau."

"Nimeshaisahau."

"Nyingine haifungui kifuniko. Inafuata ramani, inakwangua juu juu pale palipotokeza, na siku hiyo hiyo tunaikaza konea kwa mwanga. Wapo wanaoona vizuri zaidi baada yake. Ila nayo inaondoa unene kidogo, kwa hiyo lazima uwe na cha kukwanguliwa. Halafu kuna leza inayochimba njia ndani ya konea, kama ya fuko, tukapitisha vipande vya plastiki vilivyopinda ili vivute umbo likae sawa. Hiyo haikwangui kitu. Lakini peke yake haizuii ugonjwa kwenda mbele."

"Na huo mwanga wa kukaza, peke yake?"

"Huo hata siyo leza. Ni matone ya vitamini na taa ya zambarau. Haikupi macho mapya. Inayashika haya yabaki hapa yalipo."

Emmett alizitazama ramani. Rangi zilimwogelea, nyekundu ikiwa na nyekundu nyingine mgongoni. "Unene wangu ni kiasi gani?"

"Jicho la kushoto ni maikroni mia nne na kumi na mbili. Hata nusu milimita hujafika. Watu wengi wana mia tano na arobaini. La kulia lina nafuu kidogo."

Hapo, kwa mara ya kwanza tangu aingie chumba kile, Emmett alielewa jambo bila kuelezwa. Mikono yake ililijua kabla yake. "Ukiniletea bamba jembamba lililobinuka," alisema, "ukataka nilisawazishe, siwezi kulisaga tumbo. Litanipasukia mikononi. Kwanza nitalishikiza mgongo, likae imara. Kusawazisha baadaye, kama kutakuwa na haja."

Daktari Hegde akacheka. "Wanafunzi wangu wanachukua muhula mzima kufika hapo."

"Sawa. Lakini mimi nataka kuona Mei." Akamweleza habari ya jiwe. Alieleza vibaya, akianzia katikati, lakini daktari alisikiliza hadi mwisho.

"Kuna lenzi kubwa ngumu," alisema baadaye. "Zinakaa juu ya weupe wa jicho, na chini yake kunabaki kidimbwi cha maji mbele ya konea. Ningeweza kukupa kabla ya Mei, na ungeona. Lakini tukikukaza kwa mwanga, jicho linapata ukungu kwa miezi, na lenzi haipimiki mpaka umbo litulie. Hapo ni Septemba."

"Basi lenzi kwanza. Mwanga tuupeleke Juni."

Daktari alisukuma ramani ya zamani karibu naye. "Wiki tano zilizopita ulikuwa mia nne ishirini na moja. Chini ya mia nne, taa yenyewe inaweza kuunguza sehemu ya ndani ya jicho. Sikuahidi Juni, Emmett. Siwezi."

Njiani kurudi, Emmett alitazama nje ya dirisha la gari. Ilikuwa mwisho wa Machi, barabara za udongo zimekuwa uji, na kila kibanda cha kuchemshia utomvu mtamu wa miti ya mepo kilikuwa kinafuka mvuke mweupe uliopanda ukajigawa mara tano angani. Alimwona baba yake ndani ya mvuke ule, akiwa na ngumi jichoni. Akafikiri: nikichagua macho, nimemvunjia mzee neno la mwisho; nikichagua neno, siku moja nitaliona jiwe lake kwa vidole tu. Aliogopa, na hofu ile haikumpa aibu.

Nyumbani Lorraine alijaza theluji safi kwenye sinia, akachemsha shira ya mepo, akaimimina juu yake hadi ikaganda kama utepe wa dhahabu. Waliila kwa uma, na donati, na tango la siki la kukata utamu, kama walivyofanya kila Machi tangu Emmett akiwa mdogo. Mara hii walikuwa wawili.

"Mama, nikitibiwa sasa, Mei sitaweza kuchonga. Nikichonga Mei, huenda nisitibike."

Lorraine aliuzungusha utepe kwenye uma wake, hakuula. "Huyo daktari amesema ni ugonjwa wa kurithi?"

"Amesema mara nyingine huwa. Mbona?"

Aliinuka akaenda kwenye sinki, akafungua maji, akayaacha yatiririke bila kuosha kitu. Aliporudi, Emmett alidhani macho yake yamelowa, lakini mbele yake palikuwa na kina mama watano na hakuwa na hakika na hata mmoja.

"Azikwe bila tarehe," Lorraine akasema. "Baba yako hakuwahi popote maisha yake yote. Siku ya harusi nilimngoja kanisani nusu saa, na maua yananyauka. Na yeye angoje kidogo."

Jicho la kushoto lilikazwa wiki ya kwanza ya Aprili, la kulia wiki tatu baadaye. Bandani Floyd alitangaza kwamba Emmett amekwenda mbali kote kule akaishia kupigwa taa. "Taa tu. Angeniambia, ningemleta gereji kwangu."

Alilala chali. Wakamtia ganzi, wakamkwangua ngozi ya juu ya jicho, kisha matone yakaanza kudondoka, ya manjano kama ute wa yai, tone baada ya tone, kwa nusu saa. Halafu taa ikawashwa. Ilikuwa bluu kabla ya kuwa zambarau, na ilipokuwa zambarau ilijaza kila mahali. Akaelea. Aliona mwezi wake wa sahani nyingi ukishuka hadi mbele ya pua, sahani moja moja zikiingiana, zikitoka tena. Alimsikia Tino akirudi nyuma hatua tatu, buti kwenye changarawe, moja, mbili, tatu. "Lifungie," Tino akasema. Emmett alitaka kumuuliza swali, lakini hakulikumbuka, na pale bluu palikuwa pazuri sana kiasi kwamba kuuliza kulionekana uchoyo. Daktari alipozima taa, alisikitika kuamshwa.

Siku nne zilizofuata hakukuwa na ndoto. Lilikuwa jicho na pilipili. Alilala chumba chenye mapazia mazito, mikono ameikalia asijifikiche, na Lorraine akamsomea matangazo ya vifo gazetini, kwa kuwa alijua Emmett angetaka kujua nani anahitaji jiwe.

Jumamosi ya pili ya Mei walimzika Tino. Emmett alikuwa ndani ya ukungu wa maziwa. Watu walikuwa vivuli vyenye harufu za sabuni. Alibeba jeneza kwa kufuata visigino vya Floyd. Jiwe lilisimama pale na nafasi yake tupu baada ya kistari, na mwanamke mmoja nyuma akanong'ona kwa sauti ambayo ungeisikia barabarani, "Hata tarehe? Na mtoto ni mchongaji?" Emmett alisikia. Lorraine alisikia pia, akageuka akamwambia, "Imo njiani," kama anazungumzia posta. Lakini Emmett aliumia, na alikwenda nyumbani bila kulikaribia jiwe lile.

Majira ya joto aliyamaliza kwenye bomba la maji, akiosha mawe ya wenzake. Kazi ya mtoto. Hakujifikicha hata mara moja, na kutojifikicha kulikuwa kugumu kuliko kuacha sigara. Agosti ukungu ulianza kuinuka. Ramani za Daktari Hegde zikaja zinafanana, mwezi huu na uliopita, na daktari akagonga meza kwa kalamu, akasema maneno ambayo Emmett aliyarudia garini njia nzima: halisogei tena.

Septemba wakamvisha lenzi. Zilijazwa maji ya chumvi na kuwekwa jichoni ameinamia meza, akahisi baridi, akainua kichwa. Daktari alikuwa na madoa madogo mawili shavuni. Ukutani palikuwa na saa yenye mishale miwili, si kumi. Jioni, wakishuka kilima cha mwisho kabla ya Barre, mwezi ulikuwa umetoka juu ya machimbo, na ulikuwa mmoja. Mdogo, mgumu, umekaa mahali pake.

"Simama, mama."

Lorraine alisimamisha gari kando. Emmett aliutazama mwezi hadi machozi yakamtoka, na si ya furaha yote. Aliikumbuka ile mingine, wadogo zake.

Kesho yake asubuhi walikwenda makaburini, yeye na Lorraine, na kiti cha kukunja cha Lorraine, na chupa ya kahawa, na sanduku la tindo. Miti ya mepo ilikuwa imeanza kuwaka rangi. Emmett alipita kati ya mawe akisoma kila jina kwa pupa: herufi zilikuwa na kingo, kingo kali, na hakukuwa na kitu nyuma yake. Hakujua kwamba wenzake walikuwa mafundi kiasi hicho. Akafika kwa baba yake, akachuchumaa, na moyo ukamshuka.

Kivuli kilikuwepo.

Pembeni mwa kila mguu wa herufi, upande wa kushoto, mstari wa pili ulisimama, mwembamba, umefifia, kama zamani. Alifumba jicho moja, kisha jingine. Alipepesa ili lenzi ikae vizuri. Akageukia jiwe la jirani: safi. Akarudi kwa la baba yake: C na kivuli, E na kivuli, L na kivuli. Akakunja ngumi, akachungulia tunduni, na kivuli hakikuondoka. Ndipo akanyoosha kidole. Tino alikuwa amekufa. Mwiko ulikuwa umekwisha. Ncha ya kidole iliingia kwenye mkwaruzo. Ulikuwa ndani ya jiwe. Mkono wa Tino uliufuata mstari usiokuwepo, ukagundua, ukarudi kwenye wa kweli, herufi baada ya herufi, Jumapili baada ya Jumapili, banda likiwa tupu.

"Mama," alisema bila kugeuka.

Lorraine alikuwa ameshikilia kikombe kwa mikono miwili. "Nilijua," akasema. "Alikuwa hivyo hivyo kama wewe. Tangu tunachumbiana. Ile ngumi ndiyo ilikuwa miwani yake."

"Na ukanyamaza."

"Alinikataza. Mchongaji akijulikana haoni, wanamhamishia kwenye msumeno. Nikamwahidi. Halafu wewe ukaanza kujifikicha, na nikajiambia ni vumbi, kwa sababu nilitaka liwe vumbi." Sauti ilimkatika. "Ningesema, ungetibiwa ukiwa na miaka kumi na mitano. Nimelala na hilo tangu Machi."

Emmett alikasirika. Alikaa chini kwenye nyasi na hasira yake, akaitazama, na ilikuwa ya haki. Alimkasirikia mama yake, akamkasirikia zaidi yule mzee chini ya nyasi aliyewafundisha wanaume kumi na mmoja kuziba macho ili asiwe peke yake. Kisha akawaza jinsi mzee alivyosimama bandani mbele ya jiwe lake mwenyewe, na mistari mingi inacheza, anachagua mmoja na kuomba uwe wenyewe. Hakuna aliyejua kazi hiyo ilivyo ila mwanawe.

"Hiyo mikwaruzo inafutika?" Lorraine aliuliza.

"Inafutika. Nusu siku ya kusaga."

Akafungua sanduku, akachukua tindo moja ya yule babu, akapiga magoti. Alichora 2024 kwa penseli, akachonga. Alichonga hadi jua likawa juu, mbili, sifuri, mbili, nne, kingo safi, herufi bora alizopata kuzitoa mkononi. Nne ilisimama wima. Kahawa ya Lorraine ilikuwa imepoa. Halafu Emmett akachukua tindo nyembamba kuliko zote, akaweka ncha kushoto mwa tarakimu ya kwanza, unywele mmoja nje yake, akaanza kukwaruza mstari wa pili.

Lorraine aliinuka kwenye kiti. "Unafanya nini? Ilikuwa imetoka vizuri. Unaiharibu."

"Siiharibu." Alipuliza vumbi, akahamia kwenye sifuri. Macho yalimwasha, aliyaacha yawashe. "Si mmesema mkono uwe mmoja."

Lorraine alibaki amesimama. Tindo ilipofika kwenye nne, alisogea, akaweka kiganja juu ya jina la mumewe, akakiacha hapo mpaka mwanawe alipomaliza.